MAZOEA YA MWILI: KUKAA, KUSIMAMA NA KUCHUKUA MZIGO

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mazoea ni jambo ambalo mtu hulitenda bila kulifikiri. Hakuna ajiulizaye asubuhi aanze kuvaa kiatu cha kulia au cha kushoto. Mkono huenda wenyewe. Kadhalika hakuna ajiulizaye akaeje anapofungua daftari, ainameje anapookota ufagio, wala ageukeje anapoitwa. Mwili hutenda kama ulivyozoea. Ukiwa umezoea vema, tunapata faida kila siku. Ukiwa umezoea vibaya, tunapata hasara kila siku, wala hatuioni, kwa kuwa hasara ya siku moja ni ndogo.

Katika makala haya nataka kueleza mambo manne. Kwanza, jinsi uti wa mgongo ulivyojengwa na unavyobeba uzito. Pili, mambo yaliyojulikana kwa kuwapima watu wa Afrika Mashariki wachukuao mizigo. Tatu, kwa nini kuambiwa "Kaa wima!" hakutoshi. Nne, mazoezi tuwezayo kuyafanya shuleni na nyumbani bila kutoa fedha.

Sisi wa Kidato cha Nne tuna mtihani wa taifa mbele yetu. Mtu asiyeweza kukaa saa mbili na nusu bila shingo kumuuma atapoteza alama ambazo kichwa chake kilikuwa nazo. Lakini jambo hili si la watahiniwa peke yao. Linamhusu mtoto wa darasa la tatu achotaye maji, mama apaliliaye mtama, na mwalimu asahihishaye madaftari usiku.

UTI WA MGONGO

Uti wa mgongo si fimbo moja. Ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Saba ni za shingo, kumi na mbili ni za kifua, na tano ni za kiuno. Hizi ishirini na nne zaweza kusogea. Chini yake zipo nyingine ambazo kwa mtu mzima zimeungana. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu kinachozuia mfupa usisage mfupa. Yafaa kukumbuka kwamba twiga wetu wa Serengeti, pamoja na urefu wote wa shingo yake, naye ana pingili saba za shingo kama sisi. Zake ni ndefu tu.

Ukiutazama uti wa mgongo kwa upande, utaona umepinda kidogo mahali patatu: shingoni, kifuani, na kiunoni. Mapindo hayo si ugonjwa. Ndiyo yanayowezesha uti kunepa kidogo tunapotembea. Kwa hiyo anayejaribu kuunyoosha mgongo uwe kama rula anapingana na umbo lake mwenyewe.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, nacho kimekaa juu kabisa ya pingili ya kwanza. Watu wengi hudhani kichwa huanzia mahali kola ya shati inapofika. Sivyo. Mahali kichwa kinapokutana na shingo ni juu, kati ya masikio mawili. Mtu akijua hivyo, akitaka kutazama daftari hukubali kichwa peke yake kama mtu anayesema "ndiyo", badala ya kukunja shingo nzima na mabega pamoja nayo.

Kadhalika kuhusu kuinama. Ukimwambia mtu ainame, wengi hujikunja kiunoni. Lakini kiungo kikubwa kilichoumbwa kwa kuinamia ni nyonga, yaani pale paja linapoungana na kiwiliwili. Mtazame mama aliyezoea kupalilia. Aghalabu huinama kwenye nyonga, na mgongo wake hubaki umenyooka. Kisha mtazame kijana aliyetoka mjini anapoinama kuokota sarafu: mgongo wake huwa kama upinde.

Kusimama wima kwa miguu miwili ni jambo la zamani sana katika nchi yetu. Mwaka 1978, huko Laetoli katika eneo la Ngorongoro, kundi la wachunguzi chini ya Mary Leakey liligundua nyayo zilizobaki katika majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba. Umri wake ni miaka kama milioni 3.6. Nyayo hizo ni za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, kabla hakijatengenezwa kiti wala deski popote duniani.

UZITO NA UMBALI

Kila aliyesoma fizikia ya kidato cha pili anajua kanuni ya wenzo: nguvu ya kugeuza ni uzito mara umbali kutoka mahali pa kugeukia. Watoto wawili wakikaa kwenye ubao wa kupandishana, mtoto mdogo aliye mbali aweza kumwinua mkubwa aliye karibu. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi mgongoni.

Tuseme mtu ananyanyua ndoo ya kilo 20, nayo iko sentimita 40 mbele ya uti wake. Misuli inayovuta mgongo nyuma iko sentimita 5 tu hivi kutoka katikati ya pingili. Basi hesabu ni hii: 20 mara 40 ni 800, gawa kwa 5, jibu ni 160. Yaani misuli hiyo yapaswa kuvuta kana kwamba inashikilia kilo 160, nasi hatujahesabu uzito wa kiwiliwili chenyewe kilichoinama. Sasa mtu huyo aisogeze ndoo karibu, iwe sentimita 20. Jibu huwa 80. Ndoo ni ile ile, maji ni yale yale, mtu ni yule yule. Lakini kazi ya mgongo kwa ajili ya ndoo imepungua nusu.

Hivyo shauri la kwanza la kunyanyua kitu si "kuwa na nguvu" bali "kuwa karibu". Songa mpaka mzigo uwe kati ya miguu yako au karibu nayo. Piga goti moja ikiwa ni chini. Uinue ukiwa umegusa mwili. Wala usigeuze kiwiliwili huku umeinama na mzigo mkononi; geuza miguu kwanza.

Asiyeamini na ajaribu hivi. Chukua kamusi kubwa kwa mkono mmoja, uishike ikigusa kifua, uhesabu mpaka sitini. Kisha unyooshe mkono mbele, uhesabu tena. Wengi watashindwa kabla ya kufika. Sasa fikiri: kichwa kilichosogezwa mbele ya mabega saa zote za masomo ya jioni ni kamusi ya kilo 5 iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Misuli ya nyuma ya shingo ndiyo mkono huo.

MZIGO KICHWANI

Katika wilaya zetu za Tarime na Serengeti, kama katika sehemu nyingi za Afrika, mzigo hubebwa kichwani juu ya ngata. Je, desturi hii ni nzuri au mbaya? Jambo hili limepimwa, na majibu yake yafaa tuyajue yote, si nusu.

Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzake walitoa habari katika jarida la Nature la Uingereza. Waliwapima wanawake wa Kijaluo waliobeba mizigo kichwani, na wanawake wa Kikikuyu waliobeba mgongoni kwa mkanda upitao kwenye paji la uso. Walipima hewa waliyoitumia wakitembea, maana mtu anayefanya kazi zaidi hutumia hewa zaidi. Waliona jambo la ajabu. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya mtu anayetembea mikono mitupu. Mzigo ulipozidi hapo, nguvu zilianza kuongezeka.

Mwaka 1995 baadhi ya wachunguzi hao walieleza sababu yake. Mtu anapotembea, mwili hupanda kidogo na kushuka kidogo katika kila hatua, kama bembea. Kila unaposhuka, nguvu ya kushuka yaweza kutumiwa kwenda mbele. Sisi wengine hupoteza sehemu ya nguvu hiyo. Wale wanawake waliozoea, walipobeba mzigo, walipoteza kidogo zaidi kuliko walipotembea mikono mitupu. Hawakuwa na misuli ya ajabu. Walikuwa na mwendo walioujifunza kwa miaka mingi.

Lakini habari haiishi hapo. Mwaka 2010 watafiti waliowapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini hawakuuona unafuu huo kwa kila mtu. Wengine walikuwa nao, wengine hawakuwa nao. Na mwaka huo huo, katika jimbo la Limpopo, wachukuaji maji wengi waliohojiwa walieleza kwamba wanaumwa shingo na mgongo. Maana yake ni kwamba mzigo uliokaa juu ya uti hauna umbali wa kuzidishwa, na hiyo ni faida. Lakini uzito wote hupita katika pingili saba za shingo, ambazo ndizo ndogo kuliko zote.

Sasa tufanye hesabu ya kwetu. Msichana mwenye kilo 45, asilimia 20 ya uzito wake ni kilo 9. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ni kilo 20 na zaidi kidogo, yaani kama asilimia 45 ya uzito wake. Mtoto wa miaka kumi mwenye kilo 28, kipimo chake kingekuwa kilo 5 na nusu tu. Hata wale wanawake hodari waliopimwa Kenya hawakubeba bure zaidi ya asilimia 20, nao walikuwa watu wazima waliozoea. Twawezaje kumtwika mtoto asilimia 70?

Najua jibu litakalotolewa. Mtu atasema: kisima kiko mbali, na ndoo ndogo ni safari mbili. Ni kweli, na safari mbili ni saa ya kusoma iliyopotea. Ndiyo sababu suala hili haliwezi kuachwa mikononi mwa mtoto peke yake. Nyumba yenye punda, baiskeli au toroli, na iitumie kwa maji kwanza. Kazi hii mara nyingi huachiwa wasichana peke yao. Kaka zao nao wana vichwa na mikono. Na pale isipowezekana kabisa, ndoo ya lita 10 kwa mdogo na ya 20 kwa mkubwa ni mgawanyo wa haki.

JEMBE NA UFAGIO

Chombo kifupi hufundisha mwili kuinama, hata kama hakuna aliyesema neno. Huko California, Marekani, vibarua wa mashambani, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walilazimishwa kwa miaka mingi kupalilia kwa jembe lenye mpini mfupi sana, kama sentimita 60 au chini yake. Wenye mashamba walisema jembe fupi hufanya kazi safi. Vibarua walisema linavunja migongo yao. Walipeleka shauri lao mahakamani pamoja na ushahidi wa madaktari, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Mashamba hayakufa. Mazao yaliendelea kupatikana kwa majembe marefu.

Nasi tutazame majembe ya shule yetu na ya nyumbani. Mpini ukivunjika, aghalabu tunauchonga tena kipande kilichobaki, na jembe linazidi kuwa fupi kila mwaka. Kadhalika ufagio wa chelewa. Kufunga fito yenye urefu wa mita moja kwenye ufagio ni kazi ya dakika tano, na kamba ya katani inatosha. Darasa litafagiwa vilevile, wala mfagiaji hatajikunja kama kobe.

KUKAA

Watu wengi hudhani wazee wetu wa zamani hawakuugua migongo kwa sababu hawakupumzika. Hilo si sahihi. Mwaka 2020 kundi la wachunguzi, akiwamo mtaalamu wa Kitanzania Audax Mabulla, lilitoa habari za Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Walifungiwa vipimo vidogo pajani. Ilionekana kwamba Mhadzabe hupumzika karibu saa 10 kila siku, sawa na watu wengi wa mijini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Wao sehemu ya muda huo huchuchumaa na kupiga magoti, na katika hali hizo misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo. Sisi hujitupa kwenye kiti, na misuli hulala kabisa.

Kwa hiyo adui si kukaa. Adui ni kukaa namna moja bila kubadili. Hakuna mkao mmoja, hata uwe mzuri vipi, unaofaa kukaliwa saa tatu. Gegedu za mgongo hazina mishipa ya kutosha ya damu. Hupata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa, kama sifongo. Asiyesogea huzinyima.

KWA NINI "KAA WIMA!" HAKUTOSHI

Kila mwanafunzi ameambiwa "Kaa wima!" Basi hufanya nini? Hutoa kifua mbele, hukaza mabega, hubana pumzi. Baada ya dakika mbili huchoka, akarudi alivyokuwa. Mwalimu hudhani ni mkaidi. Mwanafunzi hudhani ni mvivu. Wote wawili wamekosea. Ameongeza kazi mpya juu ya mazoea ya zamani, bila kuyaondoa yale ya zamani.

Aliyelichunguza jambo hili kwa makini ni Frederick Matthias Alexander, aliyezaliwa mwaka 1869 katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Katika ujana wake alikuwa akikariri maigizo na mashairi mbele ya watu, lakini sauti yake ilikuwa ikikauka jukwaani. Alipopumzika, sauti ilirudi. Alipokariri, ilipotea. Akafikiri kwamba hapana budi kuna jambo analolitenda wakati wa kukariri.

Akasimama mbele ya kioo, akajitazama akisema. Akaona kwamba kila alipoanza kukariri, alivuta kichwa nyuma, alikandamiza koo, na alivuta pumzi kwa kinywa kwa sauti. Akaazimia kupeleka kichwa mbele. Akaamini anafanya hivyo. Lakini alipoweka vioo vingine vya kando, aliona kwamba kichwa bado kilivutwa nyuma! Hapo akajua jambo kubwa: hisia zetu si shahidi wa kutegemewa. Jambo lililozoeleka, hata likiwa limepotoka, huonekana sawa. Na jambo la sawa, likiwa geni, huonekana limepotoka.

Baada ya majaribio mengi aligundua kwamba dawa haikuwa kujilazimisha. Dawa ilikuwa kungoja. Alipotaka kusema, kwanza alikataa kuanza. Aliyaacha mazoea yapite bila kuyafuata, kisha akaanza kwa utulivu. Mwaka 1904 alikwenda London, akawafundisha watu njia hiyo hadi alipofariki mwaka 1955.

Mwaka 1973 mwanasayansi Mholanzi Nikolaas Tinbergen alipopewa Tuzo ya Nobel, alitumia sehemu kubwa ya hotuba yake kuisifu njia ya Alexander. Jina la Tinbergen lina uhusiano na kwetu, maana mwanafunzi wake Hans Kruuk ndiye aliyechunguza maisha ya fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960. Lakini sifa za mtu mkubwa si uthibitisho. Uthibitisho ulitafutwa baadaye, na mwaka 2008 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha habari za wagonjwa 579 wa maumivu ya mgongo ya siku nyingi. Baada ya mwaka mmoja, waliopata matibabu ya kawaida tu waliumwa siku 21 katika majuma manne. Waliofundishwa masomo 24 ya njia hiyo waliumwa siku 3. Mazoea, basi, yaweza kubadilishwa hata kwa mtu mzima. Kwa kijana ni rahisi zaidi, ndiyo maana wahenga wakasema samaki mkunje angali mbichi.

MAZOEZI SITA

Hatuna mwalimu wa njia hiyo hapa Mbalibali. Hata hivyo, msingi wake waweza kutusaidia. Jaribu mazoezi haya kwa juma moja.

1. Ngoja kwanza. Chagua tendo moja unalolitenda mara nyingi, kama kuinuka kitini. Kila utakapotaka kuinuka, usimame kwanza katika nia yako kwa muda wa pumzi moja. Tazama kama shingo imekazwa. Iache ilegee. Ndipo uinuke. Haraka haraka haina baraka.

2. Timazi. Funga jiwe kwenye uzi, kama timazi ya fundi mwashi. Mwenzako asimame kwa kawaida yake, bila kujipanga. Ushike uzi kando yake upite karibu na sikio. Ona kama unapita pia karibu na bega, nyonga, na mbele kidogo ya kifundo cha mguu. Usimvute wala usimsukume. Mwambie tu ulichokiona, maana yeye, kama Alexander, hawezi kujiona.

3. Fagio kiganjani. Simamisha ufagio mrefu juu ya kiganja. Ukiwa wima, kiganja hakifanyi kazi kubwa. Ukianza kulala, hapana budi uufukuze huku na huku. Kichwa juu ya shingo ni hivyo hivyo.

4. Kitabu kikujie. Badala ya kukishukia kitabu, kiinue. Weka madaftari matatu chini ya ncha yake ya juu kilale mshazari. Madeski ya zamani yalitengenezwa kwa ubao wa mshazari kwa sababu hiyo. Miguu iguse chini. Mfupi wa kimo na aweke tofali chini ya miguu.

5. Nusu saa. Katika masomo ya jioni, kila nusu saa simama, nyoosha mikono, tazama mbali dirishani, chuchumaa mara tatu, keti tena. Ni dakika moja. Saa mbili za masomo hupoteza dakika nne tu, nazo hurudi kwa akili iliyoamka.

6. Lala chali. Baada ya kazi za mikono, lala chali sakafuni juu ya mkeka kwa dakika kumi, magoti yakiwa yameinuliwa na nyayo zikigusa sakafu, na daftari moja au mawili chini ya kichwa. Gegedu zilizobanwa mchana hupata nafasi.

Mtu mwenye maumivu yasiyokwisha, au yanayoshuka mguuni na kuleta ganzi, au yanayokuja pamoja na homa na kukonda, asijitibu kwa mazoezi haya. Aende kituo cha afya. Kifua kikuu, kwa mfano, chaweza kushika uti wa mgongo, nacho hutibiwa kwa dawa.

NENO KWA WAZAZI NA WALIMU

Wazazi wetu na walimu wetu, kwa heshima naomba mambo matatu. Kwanza, mtoto apewe chombo kinacholingana na kimo chake: ndoo, mpini wa jembe, ufagio, na deski. Darasani, wafupi wasipewe madeski ya warefu kwa sababu tu ya kufika mwisho. Pili, mwanafunzi anayesimama kidogo nyuma ya darasa wakati wa masomo asihesabiwe kuwa mtundu, maadamu anasoma. Tatu, mtusahihishe kwa kutuonyesha, si kwa kukemea. Mtoto huiga mgongo wa baba na mama kabla hajaelewa maneno yao. Na mzazi anayeinamia simu jioni nzima anafundisha somo hata kama amenyamaza.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ndoo ya kilo 10 imeshikwa sentimita 50 mbele ya uti wa mgongo. Misuli iko sentimita 5 nyuma. Misuli yapaswa kuvuta kwa uzito wa kilo ngapi? Je, ndoo ikisogezwa iwe sentimita 25?

2. Pima uzito wako, kisha utafute asilimia 20 yake. Ni lita ngapi za maji? Fanya hesabu hiyo pia kwa mdogo wako wa mwisho achotaye maji.

3. Kwa nini Alexander hakuweza kujirekebisha kwa kutegemea hisia zake peke yake?

4. Pima mpini wa jembe unalotumia nyumbani likizo hii. Ukiwa mfupi kuliko kimo cha kifua chako, chonga mwingine kabla ya msimu wa kulima, nao wenye umri mdogo nyumbani uwachongee wao.